Mcheza Kwao Hutunzwa? Vijana wa Kriketi wa Afrika Mashariki na Safari za Ng'ambo

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ukiisoma historia ya kriketi ya Kenya, utaona mambo yakienda kinyume. Thomas Odoyo alikuwa na miaka 17 alipoichezea Kenya mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, na mechi hiyo haikuchezwa Nairobi. Ilichezwa Cuttack, mashariki mwa India, tarehe 18 Februari 1996. Siku 11 baadaye, mjini Pune, kijana huyo alikuwa miongoni mwa Wakenya walioiangusha West Indies, timu iliyokuwa imekwisha kutwaa Kombe la Dunia mara mbili. Mwenzake, mpigaji Steve Tikolo, naye jina lake lilivuma kutoka huko huko Asia. Mpaka wageni walipopiga makofi ndipo wenyeji nao wakageuka kutazama.

Biliqo ni kijiji cha wafugaji wa Kiborana kando ya mto Ewaso Ng'iro, katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo. Mali ya huko ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na mchezo wa vijana ni soka. Kriketi haina historia pale, na kwa sababu hiyo hiyo Biliqo ni mahali pazuri pa kusimama mtu anapoitazama historia ya mchezo huu. Kutoka huko swali linajileta lenyewe: njia iliyomchukua kijana wa Nairobi ikamfikisha Pune ilipita wapi, na kwa nini haikupita Waso, yaani uwanda huu wa Ewaso Ng'iro?

Mchezo ulioshuka kwenye garimoshi

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Maofisa wa Kiingereza walioandamana nayo walikuja na magongo yao, lakini waliouweka mchezo huo moyoni ni Wahindi, kuanzia makarani na mafundi hadi wenye maduka. Chama cha kriketi cha Kenya kilikuwa kikihesabu umri wa mchezo nchini tangu mwaka huo wa 1896, na ndiyo maana mwaka 1996 kiliandaa mashindano ya kuadhimisha karne moja.

Klabu zilizaliwa pale reli ilipoacha watu na mishahara: Mombasa, Nairobi, Nakuru, Kisumu. Ndani ya Nairobi, viwanja viligawanywa kwa rangi, dini na asili. Masingasinga walikuwa na chao, Waismailia chao, Waislamu wengine chao, Wagoa chao, na Wazungu walijifungia katika klabu zao. Kuanzia mwaka 1910 Maofisa walipambana na Walowezi kila mwaka. Mwaka 1933 ikaongezwa mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika hakuwa na upande katika mapambano hayo. Aliingia uwanjani kama mtunza nyasi au mwokota mipira, akatoka jua linapozama.

Miaka ya 1951 na 1952 Kenya ilianza kukutana na Tanganyika na Uganda, na hatimaye nchi hizo zikaunda timu moja ya Afrika Mashariki iliyoingia katika shirikisho la kriketi la dunia mwaka 1966. Kwa miongo mingi michezo ilichezwa juu ya mkeka uliotandikwa kwenye ardhi iliyoshindiliwa, kwa sababu nyasi za kriketi zilikuwa ghali kuzitunza. Jambo hilo la mkeka msomaji alikumbuke, maana tutalirudia tutakapofika nchi kavu.

Lango lililofungwa

Wakati klabu za Nairobi zikipanga ratiba za ligi, Isiolo ilikuwa lango la nchi nyingine kabisa. Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria za miaka ya 1920 na 1930, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Waborana wa Waso walipewa mipaka ya malisho, Wasomali yao, na askari wakawekwa kuilinda. Reli haikufika huko, na shule zilikuwa za kuhesabika. Maofisa wachache waliopelekwa kaskazini waliishi kama walinzi wa mpaka, na hawakujenga klabu ya kumrithisha mtu.

Uhuru haukufungua lango hilo mara moja. Vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, viliwaacha Waborana wa Isiolo wakiwa maskini. Familia zilikusanywa katika vijiji vya ulinzi, Merti ikiwa mojawapo ya maeneo hayo, na mifugo isiyoweza kulishwa nje ya uzio ikafa au ikachukuliwa. Sera ya uchumi iliyotangazwa na serikali mwaka 1965 ikaelekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye mvua na rutuba, ambazo ndizo zile zile zilizopitiwa na reli. Sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya kaskazini hadi mwaka 1991.

Sasa linganisha tarehe. Mwaka 1991, kaskazini ilipotolewa chini ya sheria hizo, Thomas Odoyo alikuwa mtoto wa miaka 13 katika jiji lenye ligi ya kriketi kila mwisho wa juma. Mtoto wa rika lake aliyezaliwa Biliqo hakuwa na kipaji pungufu. Alikuwa amezaliwa upande wa pili wa lango.

Safari zilizotangulia

Kabla ya Wakenya kwenda kung'aa ng'ambo, Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mtu mwingine. Mwaka 1958 ilifika timu ya Waafrika Kusini wasio Wazungu, ikiongozwa na Basil D'Oliveira wa Cape Town. Kwao, sheria za ubaguzi zilimzuia kuichezea nchi yake hata angekuwa na kipaji cha namna gani. Safari ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa nafasi zake chache za kukutana na wapinzani wa nje. Miaka miwili baadaye alipata kazi ya kucheza katika ligi ya Lancashire, Uingereza. Mwaka 1966 alivaa jezi ya England. Mwaka 1968 alipochaguliwa katika kikosi cha England kilichokuwa kiende Afrika Kusini, serikali ya Waziri Mkuu John Vorster ilimkataa na ziara ikafutwa. Baada ya hapo Afrika Kusini ya kibaguzi ilitengwa na kriketi ya kimataifa kwa zaidi ya miaka 20.

Safari ya D'Oliveira inaonyesha ziara ya ng'ambo inavyofanya kazi. Mchezaji alikuwa tayari ameiva, na kilichokosekana ni macho ya kumwona. Ziara huleta macho hayo. Haimpikii mtu kipaji akiwa ndani ya ndege.

Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilialikwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza, nchini Uingereza, chini ya nahodha Harilal Shah. Ilicheza mechi tatu na kushindwa zote. New Zealand ilifunga mikimbio 309, huku Glenn Turner peke yake akipata 171 bila kutolewa. India iliwashinda bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wake yeyote kutolewa. England iliwatoa wote kwa mikimbio 94. Wengi kikosini walikuwa Waasia wa klabu za mijini, watu wenye kazi zao, na baadhi walikuwa wamefika umri wa kukaribia kustaafu mchezo. Waafrika weusi wawili walitoka Uganda: Sam Walusimbi, na John Nagenda, mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni. Kati ya wote hao hakupatikana kijana hata mmoja ambaye Uingereza ingemwona na kumtaka, kwa kuwa nyuma yao hakukuwa na mfumo wa kukuza vijana. Kulikuwa na klabu tu, na klabu zilikuwa za wanachama.

Mabadiliko yaliletwa na siasa. Waasia wengi walihama mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1981 Kenya nayo ikajitoa katika timu ya pamoja ili isimame peke yake. Klabu za Nairobi zilizopungukiwa na wachezaji zikawafungulia milango vijana wa Kiafrika wa mitaa ya jirani, waliokuwa wakiutazama mchezo kupitia ua. Ndipo yakaanza kusikika majina ya familia nzima nzima: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Kaka alimvuta mdogo wake, naye mdogo akamvuta jirani. Ujirani na uwanja ndio uliokuwa chuo chao.

Pune, 29 Februari 1996

Mwaka 1994 Kenya iliandaa mashindano ya mchujo jijini Nairobi, ikafika fainali na kushindwa na Falme za Kiarabu kwa taabu. Hata hivyo, ilipata tiketi ya Kombe la Dunia la 1996 lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka.

Katika mechi ya kwanza, Sachin Tendulkar wa India aliwaadhibu kwa mikimbio 127 bila kutolewa. Lakini katika kushindwa huko huko Steve Tikolo, akiwa na umri wa miaka 24, alifunga 65. Kisha ikaja Pune. Kenya ilipiga kwanza na kutolewa yote kwa 166. Mikimbio ya bure iliyotolewa na West Indies, kwa mipira mibovu na makosa mengine, ilikuwa 37, nayo ilizidi alama za mpigaji yeyote wa Kenya. Hakuna aliyedhani 166 zingetosha. Mrushaji Rajab Ali akamtoa Richie Richardson, kisha Brian Lara akagusa mpira wake, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, aliyecheza na miwani yake usoni, akaudaka. Lara alikuwa amefunga 8 tu. Rajab Ali na nahodha Maurice Odumbe walichukua wiketi tatu kila mmoja, na West Indies ikaporomoka kwa 93. Kenya ilishinda kwa mikimbio 73.

Siku sita baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka iliyokuwa njiani kutwaa kombe iliifunga Kenya mikimbio 398, rekodi ya dunia ya wakati huo. Tikolo alijibu kwa 96, akikosa nne tu kufikisha mia.

Odoyo, aliyekuwa mdogo kuliko wote, hakuwa nyota wa mashindano yale. Alikuwa kijana aliyepewa nafasi mapema na akaachwa akue ndani yake. Alikuja kuwa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza kriketi ya daraja la juu la Test kufikisha wiketi 100 katika mechi za siku moja, na mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya mchezaji bora wa nchi zisizo za daraja hilo. Ukitaka kuipima ziara ya 1996, usiishie kwenye furaha ya Pune. Itazame pia miaka zaidi ya kumi ya kazi ya kijana yule, aliyerudi nyumbani na kukuta mechi za kucheza Jumamosi iliyofuata.

Nairobi ya wageni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Katika kriketi ya Nairobi, aliyepona zaidi mara nyingi alikuwa mgeni mwenyewe.

Tarehe 4 Oktoba 1996, katika yale mashindano ya kuadhimisha karne ya kriketi, Pakistan ilikutana na Sri Lanka, mabingwa wapya wa dunia, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana. Pakistan ilikuwa imemwita kijana wa kuziba pengo la mrushaji Mushtaq Ahmed aliyeumia. Kijana huyo alikuwa katika ziara ya timu ya vijana huko West Indies, na aliitwa kwa ajili ya kurusha mpira. Jina lake lilikuwa Shahid Afridi. Alipotumwa kupiga mapema, alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37. Rekodi hiyo ya kasi ilidumu hadi tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36.

Miaka minne baadaye, uwanja ule ule uliandaa mashindano ya mchujo ya mataifa makubwa. Kijana wa India wa miaka 18, Yuvraj Singh, alikutana na Australia ya Glenn McGrath na Brett Lee katika robo fainali ya tarehe 7 Oktoba 2000. Alifunga 84, na India ikasonga mbele. Miaka 11 baadaye Yuvraj alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia ambalo India ililitwaa.

Kwa hiyo mbele ya macho ya Wakenya, vijana wawili wa kigeni walitoka katika hali ya kutojulikana wakawa majina ya dunia. Walirudi makwao wakakuta ligi za mikoa, makocha, mishahara na mamia ya wengine waliotaka nafasi zao. Kiwanja kilikuwa chetu, lakini mashine iliyowazalisha ilikuwa kwao.

Kwa Wakenya wenyewe, onyo lilikuja mapema. Mwaka 1997 mjini Kuala Lumpur, katika fainali ya mashindano ya nchi za daraja la pili, Tikolo alifunga 147 dhidi ya Bangladesh. Mvua ikavuruga hesabu, na Bangladesh ikashinda kwa mpira wa mwisho. Mwaka 2000 Bangladesh ikapandishwa hadi daraja la Test. Siku ile Kuala Lumpur timu hizo mbili zilikuwa sawa kwa sawa. Tofauti ilikuwa nyuma yao: Bangladesh ilikuwa na nchi nzima inayocheza, na Kenya ilikuwa na mitaa kadhaa ya Nairobi pamoja na Mombasa.

Kilele na mporomoko

Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa zaidi Afrika Kusini, huku Kenya ikiandaa mechi mbili. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na Kenya ikapewa ushindi wa mezani. Lakini ushindi uliofuata dhidi ya Sri Lanka, tarehe 24 Februari, haukuwa wa mezani. Collins Obuya, mwenye umri wa miaka 21, aliizungusha mipira yake kwa namna iliyowashinda Waasia waliolelewa na mipira ya aina hiyo. Alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na Sri Lanka ikashindwa kwa tofauti ya mikimbio 53.

Wakiwa Afrika Kusini, Wakenya waliifunga Bangladesh, kisha Zimbabwe. Dhidi ya Australia, mkongwe Aasif Karim alichukua wiketi tatu kwa mikimbio saba tu. Tarehe 20 Machi, mjini Durban, Kenya ilicheza nusu fainali dhidi ya India na kushindwa kwa mikimbio 91. Hakuna nchi nyingine isiyo ya daraja la Test iliyowahi kufika hapo.

Obuya alipata mkataba na Warwickshire ya Uingereza mwaka huo huo. Ilikuwa ndoto ya kila kijana wa klabu za Nairobi, lakini haikudumu. Majeraha na kupotea kwa makali ya mpira wake vilimrudisha nyumbani. Alijijenga upya kama mpigaji, na katika Kombe la Dunia la 2011 alifunga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mjini Bangalore. Aliendelea kuichezea Kenya hadi Machi 2024, alipostaafu akiwa na miaka 42. Mtu akiitazama safari hiyo ndefu anapaswa kumsifu Obuya, kisha ajiulize kwa nini timu ya taifa ilimhitaji hadi umri huo.

Jibu linaanzia baada ya Durban. Mechi dhidi ya mataifa makubwa zilipungua. Chama kilizama katika madeni na magomvi, na wachezaji wakagoma. Mwaka 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kujihusisha na wacheza kamari. Mwaka 2005 chama cha zamani kiliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Cricket Kenya. Mwaka 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita za Kombe la Dunia. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Timu ya vijana wa chini ya miaka 19 ilikwenda New Zealand mwaka 2018 kwa Kombe la Dunia la rika hilo, na wenyeji wakawafunga mikimbio 436 katika mechi moja.

Wengi hulaumu viongozi, na viongozi wana lao la kujibu. Lakini hata uongozi safi ungekuta kisima chembamba. Kizazi cha 1996 na 2003 kilichotwa katika eneo la kilomita chache, ndani ya familia chache, na hakuna aliyechimba kisima kingine. Wale walipozeeka, nyuma yao hakukuwa na rika lililowazidi idadi.

Majirani walichimba

Rwanda haikuwa na kriketi ya kutajwa kabla ya 1994. Mchezo uliingia na wakimbizi waliorejea baada ya kukulia Uganda, Kenya na Tanzania, na chama kikaundwa mwaka 1999. Kwa miaka mingi walicheza Kicukiro, Kigali, kwenye ukanda wa saruji katika eneo la shule lililoshuhudia mauaji ya kimbari. Uwanja wa kisasa wa Gahanga ulifunguliwa mwaka 2017. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa chini ya miaka 19, nchini Afrika Kusini, Henriette Ishimwe alichukua wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, na Zimbabwe ikafungwa. Siku chache baadaye wasichana hao waliifunga pia West Indies. Kati ya Kicukiro na ushindi huo kulikuwa na shule, na shule hizo zilikuwa za wasichana na wavulana pia.

Uganda iliupeleka mchezo mashuleni na katika makazi ya hali ya chini ya Kampala, alikotoka Juma Miyagi. Novemba 2023 mjini Windhoek iliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la mechi fupi la 2024. Huko Guyana iliishinda Papua New Guinea, huku Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, akitoa mikimbio minne tu katika ova zake nne. Siku chache baadaye West Indies iliwatoa Waganda kwa 39. Kipigo hicho hakifuti kazi iliyofanywa, ila kinaonyesha urefu wa ngazi iliyobaki. Tanzania nayo imewafikisha vijana wake wa chini ya miaka 19 kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, lile la mwaka 2026.

Kenya iliyowatangulia wote sasa inawafuata nyuma.

Mto mmoja, nchi mbili

Ewaso Ng'iro hukusanya maji ya Mlima Kenya na Aberdare, hupita Laikipia, huteremka Archer's Post, kisha hupita Biliqo na Merti kabla ya kupotea katika kinamasi cha Lorian. Katika Laikipia ya mto huo huo, karibu na Il Polei, kriketi iliingia kwa wafugaji kuanzia mwaka 2007 hivi, baada ya Aliya Bauer kutoka Afrika Kusini, aliyefika huko kwa utafiti wa nyani, kuanza kuwafundisha watoto na vijana. Kikaundwa kikosi cha Maasai Cricket Warriors, wanaocheza na shuka na shanga zao. Chini ya nahodha Sonyanga Ole Ngais, walilitumia jukwaa la mchezo kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni mbele ya wazee wao wenyewe. Mwaka 2013 walisafiri hadi Uingereza kushindana na timu za wachezaji wa ridhaa, na filamu ya safari yao, iitwayo Warriors, ilitoka mwaka 2015.

Ziara hiyo haikuzaa mchezaji wa kulipwa. Ilichoonyesha ni kwamba kijana wa jamii ya wafugaji, asiye na reli wala klabu ya Kihindi jirani, anaweza kuushika mchezo huu akiwa mtu mzima na kufika nao ng'ambo. Kaskazini zaidi, Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alikuwa amekwisha kuonyesha jambo kama hilo kwa soka, kwa kuwakutanisha vijana wa makabila yaliyokuwa yakipigana na kuwaingiza wasichana uwanjani. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Stuttgart. Mtu hawezi tena kusema kwamba michezo iliyopangwa haiwezi kukaa kaskazini.

Vikwazo vya Biliqo ni vya kweli. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haipiti hapo. Ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi 2023, uliokosesha misimu mitano mfululizo ya mvua, uliua mifugo kwa wingi, na familia iliyopoteza ng'ombe haimtumi mtoto mazoezini kabla ya kumtuma kutafuta maji. Kuna pia karatasi. Ziara ya ng'ambo huanza na pasipoti, na pasipoti ya mtu mzima huhitaji kitambulisho cha taifa. Kwa miongo mingi vijana wa kaskazini na wa mipakani walihojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzao wa Nyeri alikipata bila kuulizwa asili yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa utaratibu huo. Tangazo hilo linahusu michezo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu timu haiwezi kumchagua kijana asiyeweza kupita uwanja wa ndege.

Kwa upande mwingine, kriketi ina jambo moja linalofaa nchi kavu. Haihitaji nyasi. Kinachohitajika ni ukanda wa saruji wa mita 20 hivi na mkeka wa kuutandika juu yake. Afrika Mashariki ilicheza hivyo kwa miongo mingi, na Rwanda ilianza hivyo juzi tu. Uwanda wa Waso una ardhi tambarare kuliko mitaa mingi ya Nairobi.

Historia hii, kuanzia D'Oliveira hadi Ishimwe, inatoa hukumu moja. Safari ya ng'ambo haijawahi kumtengeneza mchezaji. Humwonyesha tu yule aliyekwisha kutengenezwa na mechi za kila juma karibu na kwao. Kenya ilifurahia maonyesho hayo mwaka 1996 na 2003, ikasahau karakana. Cricket Kenya isiendelee kutafuta warithi wa Tikolo katika mitaa ile ile michache. Na serikali ya kaunti ya Isiolo, ambayo tangu mwaka 2013 ina bajeti na mamlaka yake, isisubiri Nairobi. Waanze na shule moja ya Biliqo na nyingine ya Merti: ukanda wa saruji, mkeka, walimu wawili waliofunzwa, na ratiba ya mechi inayofuata misimu ya kuhama na mifugo. Wafanye hivyo kwa miaka kumi kabla ya kuuliza ni nani atakayepanda ndege.